Tazama Pia

Saa mbili na robo Mhandisi Ntinginya yuko mlangoni,
anataka jalada la kisima cha Itobela.
Si kesho. Mtambo wa kuchimba uko Sikonge,
unakula dizeli umesimama.

Naanza na kompyuta, ndivyo tulivyoagizwa.
Kabrasha la pamoja, idara nzima tunalo
kama sufuria ya msibani: kila mtu anakoroga,
wa kuiosha haonekani.
VISIMA. VISIMA VIPYA. VISIMA VIPYA 2.
VISIMA VYA MWISHO KABISA, na humo ndani
picha tatu za sendofu ya binti wa mhasibu.

Naandika Itobela. Mashine inafikiri.
Naandika Itobera, Itobhela, Tobela,
maana kila karani aliyepita hapa
alikuja na ulimi wa kwao.
Hakuna. Hakuna. Hakuna.
Halafu kitu kimoja: risiti ya matairi.

Basi, masjala.
Ufunguo anao Sizya, na Sizya yuko chai.

Rafu kumi na tisa, mlango wa mninga,
vumbi jekundu lililoingia kiangazi kile
na hiki, likakaa juu ya majalada bila kusaini.
Huko stesheni wanapanga mabehewa, nasikia vyuma vikigongana.
Behewa likiingizwa njia siyo halipotei,
linafika salama salimini, ila Mwanza,
na mwenye mzigo anasubiri Kigoma.

Kwenye rejesta lipo: namba 114.
Limeazimwa. Limerudishwa.
Saini kama mdudu aliyekanyagwa.
Rafu ya saba: 113, 115,
na katikati yake nafasi ya unene wa kidole.
Nimekiingiza kidole. Sijui nilitarajia nini.

Nampigia Mama Kalunde, mstaafu, yuko Isevya na kuku wake.
Nasikia jogoo kabla sijamsikia yeye.
“Mia moja na kumi na nne, mama.”
“Usinitajie namba, mwanangu. Niambie pale palitokea nini.”
“Sijui. Nilikuwa sijazaliwa.”
Kimya. Jogoo tena.
“Itobela... si ndiko nyuki walikowatimua wachimbaji?
Fundi Mihayo akapiga mbizi kwenye tope na miwani yake?
Angalia N.”
“Hatuna N, mama.”
“Mnayo. Chini ya dirisha. Sogeza hayo makopo ya wino.”

Sanduku la majani ya chai, mwandiko wake wa kulala kulia:
Ndoa (mwenye shamba alikataa kisima mpaka mke arudi).
Ng’ombe (alitumbukia).
Njaa (hili sikulifungua).
Nyuki.

Karatasi imekuwa rangi ya nta.
Mita sitini na mbili. Maji yamepatikana, ya chumvi.
Pembeni, kwa penseli: *wanakijiji wameonja, wametema.*

Ntinginya anasoma amesimama, midomo inatembea.
Anatoka nje kupiga simu, namsikia kupitia dirishani:
“Zimeni mtambo. Nimesema zimeni.
Hapo hapo mlipopiga kigingi, ndipo penyewe.”
Harudi kuaga. Jalada ameliacha juu ya kiti.

Nalirudisha kati ya 113 na 115, panapolitosha.
Ila kwenye sanduku nimeacha kipande cha boksi:
*Nyuki: tazama 114.*
Na ndani ya 114, juu kabisa:
*tazama pia nyuki.*
Na kwenye kompyuta, pale wanapouliza maneno ya kutafutia,
nikaandika nyuki, tope, miwani, chumvi,
Itobela kwa tahajia zote nne.
Kiongozi wangu atasema huu si utaratibu.
Kweli. Ni njia ambayo mtu angepita akitafuta.

Saa tisa na nusu, kwa udadisi tu, nafungua 113.
Ndani: tumbaku ya Urambo, barua sita, hakuna kisima.

Sizya ameshafunga mlango.
Ufunguo ameuweka wapi leo,
sikumuuliza.