Skrubu Kumi na Moja

Shilingi milioni moja na laki mbili
zimelala kwenye simu yangu tangu Jumanne,
na mimi silali.

Dukani kwa Ezati, nyuma ya kioo, kuna ile nyembamba,
nyembamba hata niliogopa kuishika
kama mtu anayepewa mtoto wa siku mbili.
Rangi ya fedha. Ikifunguliwa haitoi sauti.
"Ya mwaka huu," Ezati akasema, "hata nailoni yake haijatoka."
Nikaomba niibandue hiyo nailoni, pembeni kidogo tu.
Akakataa.
Nikauliza: ikichoka, nitaifungulia wapi?
Akaigeuza mgongo. Hakuna hata tundu moja.
"Hii haifunguliwi, dada. Kumbukumbu imelehemewa,
betri imeshikwa kwa gundi.
Utakavyoinunua ndivyo itakavyokuwa."

Maneno hayo yalinikumbusha ndoa yangu ya kwanza.

Kwa Fundi Afeku, kule Oli, kuna ile nzito.
Nyeusi, pembe zimesagika, na mgongoni
kibandiko cha shirika lililofunga ofisi yake Arua
likaondoka na magari yake meupe.
Herufi A imefutika kabisa.
Kuna mtu aliyechapa humu ripoti juu ya ripoti,
za visima, za vyandarua,
kidole kimoja kikiila herufi moja.
Si neno. Mimi sitazami vidole nikichapa.
Afeku akachukua bisibisi,
skrubu kumi na moja akazipanga kwenye kisosi cha chai,
akanifunulia tumbo lake: vumbi, feni,
na kando ya kumbukumbu ya zamani
nafasi tupu.
"Hapa panangoja," akasema. Hakuongeza neno.

Laki tisa. Zinazobaki zinatosha kuijaza nafasi ile,
na betri ya pili, ya kuchomoa na kuchomeka
siku umeme unapokatika saa nne asubuhi
na mwanachuo amesimama mlangoni pangu
na tasnifu yake ya ufugaji nyuki
isiyo na sura ya tano.

Nilirudi nyumbani methali zikigombana kichwani.
Kipya kinyemi ingawa kidonda, ikasema moja.
Rahisi hughali, ikajibu nyingine.
Nikazifukuza zote mbili. Methali hazilipi kodi ya chumba.

Kweli ni hii, na siipendi:
nimechoka na vitu vinavyofunguliwa.
Cherehani ya mama. Pasi. Redio. Kufuli la duka.
Tangu utotoni kuna kitu kimelazwa chali mezani petu
na mtu ameinama juu yake, akisema
kidogo tu, kidogo tu, kinakaribia kupona.
Nilitaka, mara moja tu, kitu kisichojua bisibisi.
Nilitaka nailoni ile niibandue kwa mkono wangu,
taratibu, nikisikia inavyolia.

Alhamisi nikaenda Oli.

Usiniulize sana kwa nini. Labda lile pengo.
Ile ya Ezati imekwisha kukamilika,
haikuniachia pa kuweka kitu.

Afeku akasukuma kipande cha kijani hadi kikalia tap.
Ikawaka. Ikajihesabu yenyewe:
nne za jana na nane za leo, kumi na mbili.
Nilicheka kwa sauti, mpaka muuza sambusa wa mlango wa pili akachungulia.
Kisha akaanza kufunga, moja moja,
akizungumza habari za mvua na bei ya muhogo.
Saba. Nane. Tisa. Kumi.
Tukatazama kisosi.
"Hiyo haina kazi," akasema Afeku,
lakini hakunitazama usoni.

Nimeitia kwenye pochi, pamoja na risiti.
Usiku huu umeme umekatika mtaa mzima
na mimi nachapa sura ya tano,
feni inakoroma, betri ya pili iko tayari kwenye kanga,
A baada ya A kwenye kitufe kisicho na jina.
Mara kwa mara naifunga, naigeuza chali,
nalitafuta kwa kidole tundu lililoachwa wazi.
Bado sijalipata.