Nachuma Chuma

Nyuma ya soko la Kibaigwa, kwenye vumbi la mahindi,
nachomelea milango.
Baba alikuwa mhunzi kule Haneti,
alifua majembe kwa springi za malori yaliyokufa;
nimerithi koleo, nyundo, na kikohozi chake.
Chuma nakijua. Nakijua kwa harufu, kwa mlio,
nakijua kikiwa chekundu, nakijua kikipoa na kununa.

Kumbe.

Mwezi wa tano wa mimba, Sechelela alianza kula nyumba.
Usicheke. Ukuta wa jikoni, upande wa dirisha,
ulikuwa na shimo la ukubwa wa kiganja
na mimi nikawa nalaumu panya.
Nilimfuma alfajiri, udongo mdomoni,
ananitazama kama mtoto aliyedokoa sukari.
"Ukilowa tu," akasema, "harufu yake inanishinda."
Kisha akakaa chini, kwa kuwa kusimama kulimchosha.

Kliniki, Muuguzi Ndahani alimvuta kope ya chini:
ndani peupe kama ubuyu.
Akamtoboa kidole, akasubiri, akasoma.
"Saba nukta mbili. Mumeo anafanya kazi gani?"
"Anachomelea vyuma."
Akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Chuma cha mwili mzima," akanigeukia,
"hakizidi msumari mmoja mdogo.
Huo ndio unaobeba hewa toka kifuani
mpaka kwenye ukucha wa mguu.
Na sasa wanaougombea ni wawili."

Nikaikumbuka ndoo yangu ya misumari iliyopinda,
ile ninayowapa watoto wa jirani wachezee.

Tukarudi na vidonge, na sharti moja lililotuletea vita:
chai isifuate ugali.
Chai, alisema, hukikamata chuma mlangoni
kabla hakijaingia damuni.
Mama akaweka birika chini kwa kishindo.
"Mimi nimezaa tisa, na chai ikiwa mekoni!"
Amezaa tisa. Tumebaki wanne.
Sikumjibu.

Siku hizi mlo unafungwa kwa ubuyu,
umekorogwa mzito, mchachu wa kukunja uso.
Chuma cha majani ni kigeni, hubisha hodi tumboni
kikarudishwa; uchachu ndio mwenyeji wake.
Basi jioni nazima mashine, navua miwani myeusi,
nainama kwenye matuta ya kunde,
nafuata mlenda unaojiotea kando ya reli.
Vijana wa mizani wakaniona na kikapu:
"Fundi, umehamia kwenye mboga?"
"Nachuma chuma," nikawajibu.
Wakadhani jua limenipiga.

Tulipochinja beberu, maini yalikuja
kwenye sahani ya wanaume, kama tulivyozoea.
Nikainuka nayo hadi jikoni.
Mjomba Chilongani aliniangalia
kama mtu aliyeibiwa baiskeli huku ameipanda.
Hajaja tena nyumbani. Atakuja, njaa haina hasira ndefu.

Wiki ya sita: tisa nukta nane.
"Bado," alisema muuguzi, akaandika.
Vidonge vinamsokota, choo kinatoka cheusi kama masizi,
na usiku mwingine nasikia akivilaani
kwa Kigogo cha bibi yake, halafu akivimeza.
Shimo la ukutani sijaliziba.
Halijaongezeka. Kila asubuhi nalipima kwa vidole
na kujifanya natafuta kiberiti.

Jana umeme ulikatika, akasinzia kabla yangu.
Nikaiwasha tochi, nikaushika mkono wake,
nikaubonyeza ukucha, nikauachia.
Weupe ukakawia.
Kisha, polepole, kutoka pembeni, wekundu.

Maisha yangu yote nimesubiri chuma kiwe chekundu
ndipo nikipige.
Hiki nakisubiri tu.
Sina nyundo yake.