Kizingiti

Saa nne asubuhi, tarehe ishirini na tisa Desemba.
Mimi ni mkalimani nambari elfu nne mia tatu na saba;
jina langu halihitajiki.
Nimekaa jikoni kwangu, Erie, Pennsylvania, juu ya duka la matairi,
hedifoni masikioni, blanketi miguuni,
punje ya karafuu nimeibana kwenye jino la nyuma.

Sheria ya kazi ni fupi: usiongeze, usipunguze.
Anayesema "mimi," nawe sema "mimi."

Upande mmoja, Darlene wa idara ya malipo,
sauti laini kama ya mtu anayekunja mashuka.
Upande wa pili, Mama Mwavita Kabezya,
mfungashaji kuku, zamu ya usiku,
mwenye mawe kwenye nyongo.

Darlene akalitaja lile neno.
Miaka sita nalitafuta katika lugha yetu, silipati.
Siku nyingine nalizungusha kwa maneno kumi na tano.
Leo nimechoka. Nikasema: kizingiti.

"Kizingiti cha mlango gani?"

Nikaomba ruhusa ya kufafanua.
Kila mwezi bima inakatwa kwenye mshahara wako.
Lakini ukiugua, unaanza kulipa wewe,
unalipa, unalipa, mpaka zitimie dola elfu sita.
Hapo ndipo bima inaamka.

Kimya. Nikasikia kijiko kikikoroga kitu.
"Basi mimi nimeshakivuka.
Picha za tumbo, mwezi wa tatu.
Usiku ule wa ambulensi, maili nne, dola elfu moja mia tisa,
na nilikaa, hata sikulala.
Vipimo vya damu. Tena vipimo vya damu ile ile.
Mwezi wa kumi na moja nikamaliza,
risiti zote ninazo kwenye kopo la maziwa.
Muulize: sasa mlango uko wazi?"

Nikauliza.
Darlene akabofya, akabofya.
Hongera, akasema, umekivuka.
Na operesheni ni lini?
Tarehe sita Januari.
Akashusha pumzi.
Tarehe mosi, akasema, hesabu inarudi sifuri.

Kuna sentensi zinazopita kooni kama mwiba wa samaki.
Hiyo niliipitisha.

"Mawe hayajui kalenda. Daktari asogeze siku."
Daktari yuko likizo.
"Daktari mwingine."
Mwingine hayumo kwenye orodha ya bima yako.
"Basi niambieni, niwe naugua kuanzia mwezi gani?
Kwetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua.
Mimi sikuyaficha.
Nimeumbuliwa na bili."

Nikatafsiri, neno kwa neno.
Darlene alicheka kidogo, akaomba radhi,
kisha akasema jambo ambalo najua halikuwa kwenye karatasi yake:
mama yangu naye, hivyo hivyo.

Wakati huo treni ya mizigo ikapita nyuma ya duka la matairi,
ikapiga honi.
Punde honi ile ile
ikanifikia ndani ya simu, kutoka kwa Mama Mwavita.
Mitaa mitatu, labda minne.
Pengine tumewahi kusimama foleni moja tukinunua unga,
yeye na kopo lake, mimi na jino langu.
Sikusema. Sheria.

"Mwambie, mimi sina elfu sita nyingine."

Nikamwambia, kwa Kiingereza, kwa sauti yangu:
mimi sina.
Na kwa mara ya kwanza katika miaka sita
sikuwa natafsiri.

Dakika arobaini na moja. Senti sitini kila dakika.
Nimeandika kwenye daftari: dola ishirini na nne, senti sitini.
Jino, waliniambia kule kliniki, ni elfu moja na mia mbili;
tena meno, hata kwa wenye bima,
si sehemu ya mwili.

Nikabadilisha karafuu.
Nje theluji imeziba ngazi, ya ziwani, nzito.
Kuna mtu anakwangua mlango wake apate kutoka.

Simu ikalia.
Mkalimani nambari elfu nne mia tatu na saba, nikasema.
Nakusikiliza.