Mfuko wa Saruji

Sakafu ya ghala ilikuwa imepasuka,
panya wakiingia na kutoka kama wenye hisa.
Ikaletwa mifuko minne ya saruji,
na Kalunde, meneja wetu, kwa mzaha tu,
akasema, "Hebu upandisheni mmoja kwenye mzani."

Kilo hamsini, umeandikwa ubavuni kwa wino mwekundu.
Mzani ukasema arobaini na nane.

Tukapandisha wa pili. Arobaini na nane.
Wa tatu. Wa nne ulikuwa umetoboka, tukauacha.
Hakuna aliyecheka tena.
Nje, treni ya mizigo ilipita Usoke bila kusimama
na mabati yakatetema hadi behewa la mwisho.

Kilo mbili.
Kila mtumba wa tumbaku uliopita hapa msimu mzima,
majani yaliyokeshewa kwenye bani na mtu mwenye macho mekundu kwa moshi,
uliacha kilo mbili mlangoni petu
kama mgeni anavyoacha ndala.
Ila ndala hizi hakuna aliyezirudia.

Mwenyekiti Ntinginya alikuja na pikipiki ile mpya.
Akavua kofia, akaivaa tena.
"Mzani ni chuma, Kalunde. Chuma hakina dhambi.
Msimu umefungwa, vitabu vimefungwa,
funga na mdomo."
Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukaribisha chakula.
Na kweli, tulikuwa tumeshakula:
"ziada ya ghala" ilileta pikipiki, ilileta posho,
ilileta viatu hivi nilivyovaa.

Kalunde hakuhubiri. Ningependa kusema alihubiri,
ingekuwa rahisi kumsimulia.
Alichukua daftari, akapiga mstari chini ya hesabu zangu,
akaandika: Tumepunja. Kisha jina lake.
Wino ukamwishia katikati ya jina;
akaazima kalamu yangu.

Halafu akapanda baiskeli kwenda kwa Shija Masele,
yule mkorofi aliyepiga kelele mwezi wa sita kwamba mzani unaiba,
na Kalunde huyu huyu akamtoa nje mbele ya foleni,
akimwambia akajifunze kwanza kusoma tarakimu.
Nilimfuata nyuma, daftari kwapani.

Shija alikuwa anabangua karanga. Hakutoa kigoda.
Kalunde alisimama juani, akasema yote,
na kuomba msamaha akaomba kwa Kinyamwezi,
lugha ambayo kazini hatukuwahi kumsikia nayo.
Shija akapuliza maganda.
"Nilijua," akasema. "Kilo zangu unaleta lini?"

Basi. Hakuna mkono, hakuna maji ya kunywa.
Njiani mnyororo ulichomoka mara mbili.

Pikipiki iliuzwa. Posho zikafutwa.
Watu walilipwa kidogo kidogo, wakihesabu noti mbele yake,
wakirudia kuhesabu,
na waliolipwa ndio waliouliza kwa sauti,
"Alikuwa wapi siku zote?"
Mkataba wake ulipoisha, barua haikuja.

Mimi ndiye niliyekuwa wapi siku zote.
Mwezi wa tano nilipima hapo mfuko wa sukari
wa harusi ya dada yangu.
Arobaini na nane.
Nikamlaani mwenye duka,
kwa sababu kumlaani mwenye duka hakukunigharimu kitu.
Hili sikumwambia Kalunde.
Nadhani alilijua, siku ile alipoazima kalamu,
alivyoishika kidogo kabla ya kunirudishia.

Sasa mzani ni wangu.
Mfuko wa nne, ule uliotoboka, uliganda pembeni ya mlango;
makarani wapya huukalia wakinywa chai.
Naujua uzito wake: arobaini na sita na robo,
niliupima kwa mzani wa watu wa vipimo walipokuja.
Kila alfajiri, kabla mkulima wa kwanza hajafungua kamba zake,
nawaambia waondoke juu yake.
Vijana hutazamana, hucheka.

Mgongo unaniuma.
Naukumbatia, nauinua.