Kesho Nitakusengenya

Kesho saa nne asubuhi nitakusengenya.
Nakwambia leo, uso kwa uso,
maana si uungwana kumteta kisogoni
aliyekusitiri theluji arobaini na moja.

Nitapanda basi la Mtaa wa Selkirk,
nimevaa koti langu la mazishini,
picha kumi na tisa ndani ya bahasha,
nikuvue nguo mbele ya watu watatu
na karani anayeandika kila neno.

Barua yao iko mezani, chini ya chupa ya siki:
laki mbili na elfu arobaini na saba, dola.
Mwaka juzi ulikuwa laki moja na tisini.
Umefanya nini, wewe, usiku nikilala,
hata ukapanda hivyo?
Mimi nakuona unashuka tu.
Kona ya kaskazini imezama vidole vitatu.
Yai nikiliweka sakafuni jikoni
huondoka lenyewe, taratibu, hadi mlangoni,
kama mgeni aliyechoka kuombwa akae.

Mthamini hakuingia.
Bwana Macaraeg wa ng'ambo ya njia alimwona:
alisimama kwenye lami, gari likinguruma,
akahesabu madirisha, akaandika, akaenda zake.
Nyumba njema si mlango.
Na nyumba mbovu je?
Fomu yasema chumba chako cha chini kimekamilika.
Kimekamilika!
Kila Aprili, barafu ikilegea,
Mto Mwekundu hutuma wajumbe kupitia ufa,
nao hawabishi hodi.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
yako wewe aijuaye ndoo.

Basi sikiliza nitakayoyasema, usije ukashtuka.
Nitasema tanuri linakohoa kuliko marehemu Orest.
Nitasema nyaya, nitasema ngazi,
nitasema ile harufu ya viazi vilivyosahauliwa
ambayo sijawahi kumkiri mtu.
Nitasema namba 418, pacha wako,
tumbo moja, fundi mmoja, mwaka mmoja,
ameuzwa laki moja na themanini na moja
na kichwani ana paa jipya.
Nisamehe hapo. Najua hakuna auchukiaye mfano
kama anayefananishwa na pacha wake.

Ila sitasema mwimo wa mlango wa jikoni,
mistari ya penseli, kila mkesha wa Krismasi,
huku Lesia, huku Bohdan,
hadi mwaka ule mistari ya Bohdan inapokoma
na ya Lesia inaendelea kupanda peke yake.
Hayo nitayafunga mdomoni.
Wakiyajua watapandisha bei.

Lesia amepiga simu kutoka Calgary.
"Mama, usiishushe sana. Iko siku tutaiuza."
Iko siku.
Nikamwambia simu inakatika,
nikaikata.

Na wakinikubalia?
Hilo ndilo lililoniamsha saa tisa usiku.
Nikishinda, nitarudi na karatasi yenye muhuri
kwamba wewe ni duni,
na shahidi wa kwanza ni mimi.
Nikishindwa, wewe utakuwa mheshimiwa
na mimi nitakula kabichi hadi Septemba,
kabichi ya kuchemsha, kabichi ya kukaanga,
kabichi ya kutazama.
Pima mwenyewe.

Orest angekwenda na mikono mitupu.
Angewaambia: njooni mwone, nimeijenga mimi,
kisha angewamwagia kinywaji, wakacheka,
wakaongeza elfu kumi nyingine.
Alikuwa na kiburi nawe kuliko nami.
Sikumlaumu. Wewe hukuwahi kumjibu.

Haya. Wasema kuta zina masikio;
wewe ni kuta tupu, toka juu hadi chini.
Kesho saa nne yazibe.

Sasa nashuka na kamera kumwaga ndoo.
Si maji yote.
Nitabakiza kiasi cha kuonekana
kwenye picha ya ishirini.