Punje

Niliidanganya kamera.
Filamu ni ya mia nne; niliiandikia elfu na mia sita,
kama mzazi amwongezeaye mwanawe miaka apate kuandikwa kazi.
Sikuwa na njia nyingine. Kutaisi haikuwa na umeme tangu Jumanne,
na Jumberi hangoji jua: unga ukishaumuka, umeumuka.

Saa kumi alfajiri. Tanuri lake ni mtungi mkubwa wa udongo,
mdomo wazi, chini makaa ya matawi ya mizabibu.
Anajitumbukiza humo kichwa mbele, hadi kiunoni,
abandike mkate ukutani kwa ndani,
miguu hewani kama mtu aliyemfuata mbuzi kisimani,
kisha anaibuka, nyusi zimebabuka, anacheka.
“Umeipata?”
Sijui, nikasema. Nilikuwa nimebana pumzi tu.

Nyumbani niliziba dirisha la bafu kwa blanketi la Nanuli, mama mkwe,
naye akakaa nje ya mlango akilidai.
Maji niliyapasha kwenye jiko la mafuta, digrii ishirini.
Dakika tisa zingetosha filamu ya mtu mkweli.
Yangu niliipa kumi na tatu na nusu,
nikilipindua kopo, nikihesabu kwa sauti.
“Unapika nini humo?”
Mkate, mama.

Wenyewe twaita kusukuma,
na kweli ni kama kusukuma gari bovu:
laenda, watoto wanashangilia,
lakini injini haijapona.

Umeme ulirudi Ijumaa, saa mbili tu.
Nilichapa picha moja.
Punje zilikuwa zimevimba.
Moshi ulikuwa changarawe. Shavu la Jumberi
lilikuwa unga wa kusagwa kwa jiwe, haujapita chekecheni,
na lile jasho la kwenye paji, ambalo mimi mwenyewe sikuliona,
jeupe, jeupe mno, limepasuka kama bisi.

Ila penye giza tupu hapakusukumika.
Mkono wa kushoto, ule wa vidole vitatu, haumo.
Nilirudi kwenye hasi, nikaiinua dirishani,
nikaitafuta ile sehemu kwa kioo cha kukuzia:
utepe mtupu, safi kama maji.
Dawa haiongezi neno ambalo mwanga haukuandika.
Humpazia sauti aliyekwisha kusema;
aliyenyamaza hunyamaza zaidi.

Nilimpelekea Jumamosi.
Aliipangusa kwa kidole gumba, mara mbili, tatu,
akidhani ni unga.
Halafu akauliza, “Na mkono wangu?”
Haukuingia, nikasema. Giza.
“Afadhali,” akasema,
na kwa mkono huohuo akanimegea mkate wa moto,
ile ncha yake iliyopinda, iliyoungua kidogo,
ambayo kwa kawaida humwekea mkewe.