Aliye Juu

Nyumba hii ya magurudumu haiendi popote.
Karavani, imezama mchangani hapa Bwejuu
tangu mwenyewe, Mtaliano, aliporudi kwao
akaniachia funguo kwa deni la miezi saba ya kufuliwa.
Ndani nakaanga katlesi, nachemsha urojo;
juu, mivinje inamwaga sindano zake,
kunguru wanafanya wanayoyafanya,
na vuli ikishuka
maji yanadondoka, tone, tone, kwenye karai la mafuta
hata mteja ananiuliza: Bi Mize, leo unakaanga radi?

Paa lataka kusuguliwa. Paa lataka ngazi.

Ngazi ninayo, ya mikandaa,
aliyoifunga marehemu Ussi kwa kamba ya usumba.
Vipandio tisa; cha nne kinalia,
cha saba hakipo, pamebaki pa kukumbuka.
Nimeipanda miaka kumi na mbili kwa bismillahi
na kwa kukiruka hicho cha saba.
Lakini Vuai mpaka rangi naye alisema bismillahi,
akaweka meza, juu ya meza pipa, juu ya pipa yeye,
na leo nyonga yake ina chuma.
Huja kwa mkongojo, hula kwa mkopo,
husema: Dada, ngazi si ya kupandia.
Ngazi ni ya kushukia.

Basi nikaenda Mwanakwerekwe,
kwa muuza vyuma mwenye meno ya tambuu.
Akanionyesha ndefu, ya kufikia mnara.
Siadhini mimi, nikamwambia, nafagia paa.
Akanionyesha rahisi, nyepesi kama uongo;
nikaitikisa kidogo, ikacheza kama imepigiwa ngoma.
Nikaomba ile ya miguu minne. Nikaipindua
kama tunavyompindua samaki kumtazama mashavu:
viatu vya mpira, vipo, havijapasuka;
ribiti zimekaa; vipandio vipana, vina mikwaruzo;
kifungo cha katikati kinabana, ta!
Nikavua ndara nikapanda mle mle dukani,
kilo tisini na kitu, sina siri,
na huko juu nikapatana bei ya vitunguu na jirani yake.
"Hii haimtaki mtu," akaniapia. "Inajisimamia yenyewe."
Mjane akiambiwa hivyo, hutoa pesa.

Mchanga wa Bwejuu haukusikia kiapo.
Mguu mmoja ukazama, nikauwekea ubao;
wa pili ukazama, ubao tena.
Nikapanda na ufagio, ndoo mkononi,
nikafika cha nne, dunia ikaenda kushoto.
Kidogo tu. Lakini kidogo hicho nakijua:
nyonga ya Vuai imo ndani yake.

Nikaita jina nisiloliita tangu Mfunguo Mosi.
Zuwena, mke wa mwanangu.
Tulikosana kwa jambo la friji,
maneno yakazaa maneno,
akanunua kanga, akajitanda siku tatu mfululizo,
akipita mbele ya dirisha langu la kuuzia, taratibu, nisome:
ALIYE JUU MNGOJEE CHINI.
Nilisoma. Mbatata za siku zile zilivurugika zote.

Akatoka. Na kanga ile ile, imepauka.
Hakusema kitu. Akashika upande wa pili,
bega kwenye ngazi, nyayo tupu juu ya ubao,
akainama, akakaza.

Nikasugua. Sindano za mvinje zikamnyea mgongoni,
na povu, na vya kunguru pia,
Mungu anisamehe, vingine si kwa bahati mbaya.
Hakuachia.
Nikaziba ufa kwa lami, kando ya kidirisha cha juu,
bila kukiegemea; plastiki ya jua la miaka yote ile ni kaki.
Nilipotazama chini kutafuta pa kurudishia mguu
nikayaona maandishi yamegeuka, kichwa chini,
sijawahi kuyasoma kwa upande huo.

"Shuka," akasema. "Nakungojea."